Nilivyojificha nyuma ya mtoto wa watu

Nyie, kabla hamjaendelea kunicheka kwenye grupu la ukoo, sikilizeni na upande wangu. Video ya shemeji inaanzia pale ninapopiga yowe. Yaliyotangulia kayakata makusudi, namjua.

Jumamosi tulikwenda Murray Bridge, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Adelaide. Daraja lenyewe ni la 1879, la kwanza kuvuka mto Murray katika jimbo hili la Australia Kusini, na mto wenyewe una kilomita 2,500 na ushei. Maji yana rangi ya chai ya maziwa, mikaratusi imeinamia ukingoni, ndege mwari wanaelea wamenyoosha midomo yao mirefu wakisubiri mvuvi azubae.

Sasa mimi ni mtu wa Ujiji. Nimekulia Ziwa Tanganyika, kwenye mamba. Huku Australia mamba wako kaskazini, Murray hawapo. Basi asubuhi nzima nikawa nawaringia watu: mto gani huu, hauna mamba, hauna kiboko, hata mtoto mchanga unaweza kumwogeshea hapa! (Kumbukeni hilo neno “mtoto”.)

Shemeji akaniambia, “Shem, punguza mdomo. Mto huu una mwenyewe.” Akanisimulia habari za Mulyawonk. Wangarrindjeri, wenyeji wa sehemu hii ya chini ya mto, husimulia kwamba palikuwa na mtu mroho aliyevua kupita fungu lake, wazee wakamgeuza kiumbe nusu mtu nusu samaki. Anakaa kwenye mapango ya mtoni na huwavuta watoto wanaosogelea maji. Wengi nchini wanamwita Bunyip. Nikacheka mpaka nikakohoa.

Nilikuwa na ndoo imefurika karpi. Hawa ni samaki wa kuletwa, walisambaa vibaya sana baada ya mafuriko ya 1974, na ukimnasa sheria hairuhusu kumrudisha mtoni akiwa hai. Wazungu wengi hawamli, wanasema ana ladha ya tope. Sisi tuliokua tukimmaliza mgebuka mpaka kichwa tunashukuru Mungu. Shemeji akaitazama ndoo, akanitazama mimi. “Shem, hao hawajapita fungu lako kweli?”

Sikumjibu. Nikabeba ndoo nikatafute kivuli.

Pale bustani ya Sturt Reserve kuna kijipango kimejengwa kando ya mto, ndani giza, chini maji. Mimi nikaona ubaridi tu. Pembeni amesimama binti mdogo, buti za mvua za pinki, mkononi barafu ya kijiti inamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Tukatabasamiana. Yeye akanyoosha mkono ukutani, sikuona anagusa nini.

Kwanza maji yakatikisika. Nikasema huyu kobe. Yakatikisika tena, nikasema basi huyu kobe mkubwa. Kisha kichwa. Kinapanda polepole, kinachuruzika maji, na kila nikidhani kimefika mwisho, kinaendelea. Macho hayo. Mdomo ukafunguka, na ule mlio, jamani, haukuingilia masikioni, uliingilia kwenye nyayo ukapanda.

Ndoo ikaniponyoka. Nikapiga ile “Yalaa, mamaaa!” mnayoichezea huko kama wimbo. Miguu ikarudi nyuma bila kuniuliza. Na mikono, hapa ndipo mnaporudisha video kila saa, mikono ikamshika yule binti mabegani na kumsogeza mbele yangu. Mbele! Nikachuchumaa nyuma ya mtoto anayenifika kiunoni, nimefumba macho. Msinilaumu, akili ilishapiga hesabu: hadithi si imesema anachukua watoto?

Binti wala hakustuka. Akalamba barafu yake, akageuka, akaniambia taratibu kama nesi, “Ni mashine tu.” Mimi bado nimefumba. Akaona labda sijaelewa. Akaiwasha tena.

Na mimi nikapiga yowe tena. Hilo la pili ndilo lililomfanya shemeji akae chini kwa kucheka, ndiyo maana video inatikisika.

Kumbe hilo dude, Bunyip wa mashine, liko pale tangu 1972! Miaka yote hiyo linawangurumia watoto wa chekechea, wanalizoea, wanalipungia mkono. Wazazi wa binti wakaja, nikaomba radhi, baba mtu anafuta machozi ya kicheko, mama mtu akanipa maji ya kunywa. Huku nyuma mwari walishafika kwenye ndoo. Karpi wote wamekwenda, mmoja nilimwona akishuka kooni mwa mwari mzimamzima, mkia unanipungia kwaheri.

Marekebisho madogo: shemeji anadai nilipanda juu ya meza. Uongo mtupu. Lilikuwa benchi.

Usiku mama akapiga simu kutoka Ujiji, video imeshamfikia. Nikajua sasa napata wa kunipoza. Akauliza yule mtoto wa watu ana hali gani, kama nilimwomba msamaha, na kama wazazi wake ni watu wema. Nikajibu yote. Akashukuru, akakata simu. Mimi hakuniuliza.