Kopo la maji au kihisi: joto la mashine za minyororo Malindi

Jioni moja kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, nilimkuta fundi ameinama kando ya eskaveta, mashine ya kuchimbia inayotembea kwa minyororo, iliyozimwa muda huo huo. Alichovya vidole kwenye kopo la maji, akarushia matone mawili kwenye fainali ya kushoto, lile sanduku la gia linalozungusha sproketi, gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Matone yakatambaa taratibu. Akazunguka upande wa kulia, akarusha tena. Chii! Yakaruka, yakapotea. "Huku kuna jambo," akasema, akaenda kutafuta spana. Sili, ile pete inayozuia oili isitoke, ilikuwa imekwisha na oili imeshuka chini kabisa ya tundu la kupimia.

Mwenye mashine alikuwepo. Wiki hiyo alikuwa ameletewa bei ya vihisi vya joto, kimoja kwa kila fainali na vingine kwa rola, vile vigurudumu vinavyobeba mashine juu ya mnyororo, vyote vikituma namba kwenye simu yake mjini. Akanigeukia: mtu mwenye fundi wa kopo la maji anunue vihisi vya nini?

Alikuwa akitania, lakini swali lenyewe si la mzaha. Katika biashara ya mashine hizi hutajwa sana kwamba miguu ya mashine, yaani minyororo, rola, idla (gurudumu la mbele linaloongoza mnyororo) na sproketi, hula hadi karibu nusu ya gharama yote ya matengenezo. Na rola ni kitu kisichosema. Ndani yake mna oili kidogo iliyofungiwa kiwandani, inayozuiwa na pete mbili za chuma zilizosuguliwa zikakutana uso kwa uso, nyuma yake pete za mpira zinazozisukuma. Haina geji. Ukiona oili imechuruzika nje, sili imeshashindwa.

Oili yenyewe haipendi joto. Kanuni ya makadirio ya siku nyingi husema kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi hupunguza umri wa oili kwa nusu. Mipira ya kawaida ya sili nayo, ikikaa karibu na nyuzi 100 kwa muda, huanza kuwa migumu. Kwetu kuna la ziada: maji ya chumvi. Fainali iliyochemka ikiingizwa ghafla kwenye bwawa, hewa iliyo ndani hupoa na kujikunja, na kama sili imeshachoka, maji huvutwa ndani. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, beringi, vyuma vinavyobeba mzunguko, zinaanza kutu usiku huo huo mashine ikiwa imelala. Kwa hiyo anayesema joto ni shida ya migodi mikubwa ya bara, si ya pwani, hajaona opereta akitoka kusafiri kilomita mbili juu ya minyororo na kushuka moja kwa moja majini. Safari ndefu ndiyo inayochemsha rola kuliko kuchimba. Wakati wa kuchimba mashine imesimama, mkono ndio unaofanya kazi.

Wanaotetea vihisi wana hoja nzito hapo. Kopo la maji linafanya kazi mashine ikiwa imesimama na fundi yupo. Katikati ya safari hakuna wa kurusha matone. Kihisi kingempigia opereta kelele mapema, akasimama dakika ishirini kivulini badala ya kununua fainali nzima. Tena matone yanatofautisha moto na moto sana tu. Kati ya nyuzi 60 na 80 hayakwambii kitu. Mkono nao, kwenye chuma cha nyuzi 60, hauvumilii zaidi ya sekunde chache, na kuanzia hapo kila joto ni "moto".

Upande wa pili hauna maneno mengi, ila una matope. Waya unaopita karibu na mnyororo hukatwa na jiwe la matumbawe, na viungio vyake huliwa na chumvi. Mhimili wa rola hauzunguki, kinachozunguka ni ganda lake, kwa hiyo kihisi kinaweza kukaa mwishoni mwa mhimili. Lakini hapo ndipo tope linapogandamana, na hapo ndipo sururu ya kusafishia inapopiga. Kuna hoja nyingine nzito zaidi: joto ni shahidi anayechelewa. Beringi huanza kumomonyoka kabla haijachemka. Kwa fainali, sampuli ya oili ikipelekwa maabara hutoa habari mapema zaidi: sodiamu ikipanda, maji ya bahari yameingia, silikoni ikipanda, mchanga umeingia, chuma kikipanda, meno yanalika. Rola huwezi kuichukulia sampuli, kwa hiyo kwake joto linabaki kuwa karibu habari pekee.

Maopereta nao wana neno lao, na sidhani ni la kupuuzwa. Kifaa kinachotuma joto kwa tajiri hutuma pia saa ambazo mashine ilisimama. Opereta akihisi anachunguzwa, kengele ikilia ataifunika kwa kitambaa.

Mimi nasimama kati, lakini si katikati kabisa. Kwa mwenye mashine moja au mbili, fedha ya kwanza iende kwenye bunduki ya kupimia joto na daftari. (Si zile za mlangoni za wakati wa korona, zimetengenezwa kwa joto la mwili na kwenye chuma cha moto hazisomi kitu.) Namba moja peke yake haina maana kubwa. Nyuzi 65 ni nyingi au chache? Inategemea safari, oili na jua la kaskazi lililopiga upande wa magharibi alasiri nzima. Maana iko kwenye kulinganisha: rola ya tatu kushoto na ya tatu kulia, fainali na mwenzake, leo na juzi baada ya kazi ile ile. Zote zikiwa 55 na moja 75, huyo ndiye mgonjwa. Na ukiona moja iko chini sana kuliko wenzake, usifurahi, jaribu kama inazunguka. Rola iliyokwama ndani ya tope bichi inaweza kusoma baridi.

Bunduki nayo hudanganya. Chuma kinachong'aa husoma chini ya joto lake halisi, tope kavu huficha. Fundi wetu sasa amepaka kila kifuniko doa la rangi nyeusi isiyong'aa, analifuta tope kwa kidole gumba, anapima palepale kwa umbali wa shubiri moja. Ukipima kutoka mita moja na zaidi, bunduki ya kawaida yenye uwiano wa 12 kwa 1, yaani umbali ni mara 12 ya duara inaloona, inaona duara la zaidi ya sentimita 8, hata kama nukta nyekundu ya kulengea ni ndogo kama punje ya mtama. Unapima rola pamoja na vilivyo kando yake.

Vihisi vya kudumu ningeviweka kwenye fainali mbili tu, na kwa mashine inayokodishwa mbali, ambako tajiri hafiki na fundi ni wa kupigiwa simu. Namba ziende kwanza kwenye kioo kilicho mbele ya opereta. Mwenye mashine alikubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Anataka zije kwake kwanza, na mpaka leo yeye na opereta wake hawajaelewana.