Nani avae jezi ya shule?

Asubuhi ya mechi za wilaya, kabla mpira haujaanza, kuna dakika kumi na tano ambazo mimi huziona tamu kuliko mechi yenyewe. Timu mbili zinajipanga kando ya mstari wa chokaa. Mwalimu wa timu pinzani anapita kwa mchezaji mmoja mmoja, mkononi ana faili la kaki lenye fomu za usajili, kila fomu na picha yake ya pasipoti, muhuri wa mkuu wa shule umekula nusu ya uso. Anaangalia picha, anaangalia mtu. Mwaka jana, kwenye kiwanja kimoja hapa Tanga mjini, nilikuwa nimesimama karibu alipofika kwa beki mmoja mrefu, ndevu kazinyoa asubuhi ileile kwa wembe butu.

"Uko kidato cha ngapi?"

"Cha tatu, mwalimu."

"Mkondo gani?"

Kimya.

"Haya, Kiswahili anakufundisha nani?"

Beki akatupa jicho kwenye benchi lao, hakupata msaada. "Madamu."

"Madamu yupi?"

Kidato cha tatu pale Kiswahili kinafundishwa na mwanamume, na wakati huo alikuwa nyuma ya goli amebeba ndoo ya maji. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kijana akavua jezi, akaikunja vizuri, akamkabidhi kepteni, akatembea kifua wazi hadi chini ya mwarobaini alikokuwa ameegesha bodaboda yake. Abiria alikuwa anamngoja.

Huyo ndiye mamluki. Kila aliyepita UMISSETA, ile michezo ya sekondari inayoanzia shuleni ikapanda hadi wilaya, mkoa na taifa, ana hadithi yake ya mamluki. Nimeanza naye kwa sababu watu wakikaa kujadili kanuni za michezo shuleni, humwingiza yeye kwenye kapu moja na mtoto aliyefeli Hisabati na binti aliyemjibu mwalimu vibaya. Wote wanaambiwa neno lilelile: huna sifa ya kucheza. Nadhani hapo ndipo tunapopotea njia.

Nianze na upande wa wanaomtetea mamluki, maana wapo, na si wote wezi. Mwalimu mmoja wa michezo wa shule ya kata alinieleza hesabu zake: ana wavulana wa kutosha kujaza timu, lakini wanaojua mpira hawafiki saba. Yule kijana wa bodaboda alikuwa mwanafunzi wake mpaka mwaka juzi, akaacha kwa sababu za nyumbani. "Mgosi, huyu nimemlea mimi," ananiambia, "na timu za watoto zinazotafuta vipaji haziji mtaani kwake, zinakuja uwanjani." Lina ukweli. Kijana aliyetoka shule hana mlango mwingine wa kuonekana ulio wazi kama huu, na ukikaa jukwaani Mkwakwani siku Coastal Union wanacheza, utasikia wazee wakihesabu vipaji vya Ngamiani na Makorora vilivyoishia kwenye vijiwe.

Lakini upande wa pili wa mstari wa chokaa kuna mtoto wa miaka kumi na sita, mwanafunzi halali, anayekwenda kugongana na mtu mzima anayebeba magunia ya mkaa mchana. Kuna na yule wa timu ya mamluki mwenyewe aliyekaa benchi, jezi yake imevaliwa na mgeni. Huruma kwa mmoja imelipwa na wawili ambao hawakuulizwa. Hapa mimi sina mizani ya kupima: asiye mwanafunzi asicheze, basi. Anayetaka kumsaidia yule kijana amtafutie ligi ya mtaani, au amrudishe darasani. Tangu mwaka 2021 serikali imefungua mlango wa waliokatisha masomo kurudi katika mfumo rasmi, wakiwemo wasichana waliojifungua.

Nchi yetu imeonja pande zote mbili za jambo hili. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, ilikuwa imeshakata tiketi ya fainali za Afrika nchini Gambia, ikaenguliwa kwa kumchezesha mchezaji aliyezidi umri. Miaka kumi na miwili baadaye meza ikageuka. Congo Brazzaville walitutoa uwanjani, lakini mchezaji wao aliyetiliwa shaka hakufika kwenye kipimo cha MRI cha kukagua umri, CAF, shirikisho la soka Afrika, ikawaondoa, na sisi tukaenda fainali Gabon. Mwaka 2005 tulinung'unika kwamba tumeonewa, mwaka 2017 tukashangilia kwamba haki imetendeka. Kanuni ilikuwa ileile.

Kwenye umri hata hivyo ndiko penye ugumu, na ukali wangu unapungua. Kipimo cha MRI husoma mfupa wa kifundo cha mkono. Ukishafunga, kijana anahesabika amevuka. Sisi wilayani hatuna mashine hiyo, tuna karatasi. Watoto wengi waliozaliwa vijijini, huko Mkinga au Kilindi, hawakuandikishwa walipozaliwa. Cheti kimetafutwa mtoto akiwa ameshakua, na mwaka ulioandikwa ni ule bibi aliokumbuka. Namba ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, imesaidia kiasi, kwa kuwa humfuata mwanafunzi tangu shule ya msingi na kila anapohama, hivyo si rahisi kumtengeneza mwanafunzi usiku wa kuamkia mechi. Ila PREM inakuonyesha kwamba huyu ni mwanafunzi na anasoma wapi. Kama mwaka wa kuzaliwa uliingizwa vibaya siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, utabaki vibaya.

Sasa nije kwa yule aliyefeli Hisabati.

Shule kadhaa ninazozifahamu zina utaratibu wao wa ndani, mara nyingi haujaandikwa popote, kwamba mwenye F nyingi hachezi. F kwa viwango vya NECTA, baraza letu la mitihani, ni chini ya 30 kwa 100. Wazazi wengi wanaupenda utaratibu huu na siwalaumu. Jirani yangu wa Makorora ana binti mcheza pete, mrefu, mikono kama kamba. Binti alichaguliwa wilaya, akachaguliwa mkoa, akaingia kambini, akasafiri. Wiki zikakatika. Aliporudi, wenzake wa kidato cha nne walikuwa wamemaliza mada mbili za Baiolojia na mock iko mlangoni. "Amerudi na medali," mama yake aliniambia akiwa anakuna nazi, wala hakuinua macho, "mimi nilimtuma cheti." Ukimwambia mama huyo kwamba michezo hujenga mwili na akili, atakujibu kwamba Novemba mtihani hauulizi umefunga magoli mangapi. Tena kumbukumbu ipo: mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa nchi nzima kwa hoja hiihii kwamba inakula muda wa masomo, ikarudishwa baadaye kwa kilio kwamba vipaji vimekauka. Tumeshajaribu kufunga kabisa, na hatukuona ufaulu ukipaa kwa sababu hiyo.

Wanaotaka kanuni ya alama hupenda kutaja Marekani, na mfano wao upo kweli. Jimbo la Texas lilipitisha sheria mwaka 1984, maarufu kwa maneno manne tu ya Kiingereza, "no pass, no play": hujafaulu, huchezi. Mwanafunzi aliyepata chini ya 70 katika somo lolote alikaa nje ya mashindano wiki sita. Na si mpira peke yake, hata bendi ya muziki na midahalo. Wazazi walikwenda mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikasema kushiriki shughuli za nje ya darasa si haki ya kikatiba. Mpaka hapo wanaoshabikia wako sawa. Wanachokiacha ni mwaka 1995. Texas ilirudi ikailegeza sheria yake: wiki sita zikawa tatu, kisha alama zinaangaliwa tena na aliyejirekebisha anarudi. Na katika wiki hizo hashindani, lakini mazoezi anaruhusiwa. Waliona, nadhani, kwamba ukimkata mtoto mazoezini umekata na kamba iliyokuwa inamvuta shuleni.

Kamba hiyo nimeiona ikikatika. Kulikuwa na kijana wa Sahare, mkimbiaji wa mita 1,500, baba yake mvuvi. Alfajiri alikuwa soko la samaki la Deep Sea akisaidia kushusha samaki, saa moja na nusu yuko mstarini, sare inanuka dagaa, wenzake wakimtania. Alama zake zilikuwa mbaya, nisimpambe. Jumanne na Alhamisi za mazoezi hakukosa hata mara moja. Shule, ambayo sitaitaja, ikatangaza kwamba wenye F zaidi ya tatu wameondolewa timu zote mpaka mtihani wa muhula ujao. Kwa hesabu ya kawaida angepata muda wa kusoma. Kilichotokea ni kwamba Jumanne akaanza kukosa, kisha Alhamisi, kisha siku zilizo katikati. Mara ya mwisho kukutana naye alikuwa ameegemea beseni la vibua, akaniamkia vizuri tu, "Shikamoo mwalimu," akaniongezea mmoja juu ya mafungu niliyonunua.

Si kila mwenye F ni kijana wa Sahare. Wapo wanaojificha kwenye timu kama kichakani, kila kipindi cha Fizikia wana "mazoezi". Hao nawajua pia, na kanuni ya alama inawashika vizuri. Ndiyo maana siwezi kusema ifutwe. Nasema tofauti yake na mamluki ionekane. Mamluki anamdhulumu mpinzani. Asipozuiwa leo, mechi yenyewe haina maana. Mwenye F katika Hisabati hamdhulumu mtu yeyote uwanjani. Kumzuia yeye ni dawa, na dawa ina kipimo na siku ya kuacha. Muhula mzima ni kipimo cha ng'ombe. Wiki tatu bila mechi, huku mazoezi yanaendelea na mwalimu wa somo anatia saini daftari lake kila Ijumaa, naona inatosha kwa mtoto anayetaka kurudi. Asiyetaka atajulikana ndani ya hizo wiki tatu.

Nidhamu ni ya mwisho, na hapa watu hupandisha sauti. Kumpiga mwamuzi, kumtukana mpinzani, kunywa pombe kambini: sijakutana na mzazi anayebisha kwamba hayo yana adhabu. Ugomvi uko kwenye mambo ya nje ya uwanja. Binti anaweka maneno kwenye WhatsApp, yuko nyumbani, siku ya Jumapili, kwamba mwalimu wa timu ana upendeleo. Jumatatu amevuliwa ukepteni na ngoma ya shule pia hachezi. Wamarekani walilifikisha jambo kama hili mahakama yao ya juu kabisa. Msichana wa Pennsylvania alikosa nafasi katika kikosi kikubwa cha washangiliaji, akamwaga matusi Snapchat, Jumamosi, nje ya shule, akasimamishwa mwaka mzima kwenye kikosi kidogo. Mwaka 2021 majaji wanane kwa mmoja walimpa haki yeye. Hawakusema shule haina mamlaka kabisa nje ya geti. Walisema mamlaka hiyo ni finyu, na kwa kosa lile ilivuka mpaka.

Sisi hatuna haja ya kuiga mahakama yao, na mila zetu za adabu kwa wakubwa ni nzito kuliko zao; mtoto wa Tanga akimtusi mwalimu hata ndotoni bibi yake atataka kujua kwa nini. Nakubali kwamba anayevaa jezi ya shule anabeba jina la shule hata akiwa Raskazone anaogelea. Ninachokataa ni adhabu inayotungwa siku ya kosa. Binti huyo wa WhatsApp hakuonyeshwa kifungu wala hakuulizwa lolote, na mzazi alipata habari kwa majirani. Mwenzake, mvulana, alimtolea mwamuzi lugha chafu mbele ya watu wote na Jumamosi iliyofuata alipangwa namba tisa. Alikuwa mfungaji bora. Kila mtoto pale uwanjani alijifunza jambo siku hiyo, na halikuwa adabu.

Suala la kuhama shule sitalikalia sana. Shule binafsi inamfuata mshambuliaji wa shule ya kata, inamsamehe ada, mzazi anashukuru Mungu. Wakubwa wa shule aliyotoka wanalalamika wameibiwa. Mimi namtazama mtoto: kama amehamia na anasoma, heri yake. Kama amehamishwa Aprili kwa ajili ya mechi za Juni na Agosti hana dawati, hiyo ni biashara, na afisa michezo wa wilaya ana PREM ya kumwonyesha tarehe.

Ninachoomba kwa walimu wakuu ni karatasi moja. Iandikwe Januari kwa Kiswahili chepesi: nani anacheza, alama zipi zinamweka nje na kwa wiki ngapi, makosa yapi yana adhabu ipi, na mzazi anakwenda kwa nani akiona mwanawe ameonewa. Ibandikwe ubaoni, nakala moja iende nyumbani na ada ya chakula. Wiki ile ya mechi niliusoma ubao wa matangazo wa shule mwenyeji wakati nangoja kivuli kisogee. Ulikuwa na karatasi mbili: mchango wa uji, na orodha ya waliochelewa namba.