Shemeji na Ndoo Zake

Bwawa langu lina mita za mraba 50. Fundi alinipa hesabu nyepesi: kama huna mashine ya kupuliza hewa, perege watatu kwa kila mita ya mraba wanatosha. Nikapandikiza vifaranga 150, madume matupu kwa maneno ya muuzaji, nikalala usingizi wangu.

Shemeji hakulala. Alilitazama bwawa kwa uchungu, kama kondakta anayeona basi linaondoka na viti vitupu.

"Shemeji, maji yote haya yakae bure?"

Nikamweleza kwamba samaki hawagombei pa kuogelea, wanagombea hewa. Nayo hewa huingilia juu, kwa hiyo kuchimba kina kirefu hakuongezi wakazi. "Nimekuelewa," akajibu. Mtu akikuelewa upesi namna hiyo, mfiche ndoo.

Nikasafiri miezi kadhaa. Niliporudi, alfajiri ya kwanza tu nikasikia mlango unagongwa.

"Shemeji, toka uone! Wamekuja kukusalimia!"

Mamia ya vinywa yalikuwa juu ya maji, yakifunguka na kufumba. Alikuwa ameongeza ndoo mbili za vifaranga, na kambale watatu wa kuchangamsha mji. Usiku kucha samaki na mwani walikuwa wanavuta oksijeni ile ile, na kabla ya jua kuchomoza ndipo inapokuwa imebaki kiduchu. Yeye akaona ni njaa, akawa anawamwagia chakula kwa bakuli. Chakula kisicholiwa huoza, na kuoza nako kunakula oksijeni.

Nikampokonya bakuli, nikamsukumia majini. "Piga maji! Usisimame!"

Akapiga kwa mikono, kwa miguu, hadi kwa tumbo. Mwani ulimning'inia kwenye nyusi, perege wamemjaa makwapani kufuata mapovu. Kambale hawakumjali. Wana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Walipanda, wakameza funda, wakashuka kuendelea na shughuli zao.

"Kaka," mke wangu akauliza kutoka dirishani, "mazoezi umeanza lini?"

Jua likapanda, mwani ukaanza kutoa oksijeni, vinywa vikazama kimoja kimoja. Tukawahamishia waliozidi kwenye bwawa la jirani.

Wiki iliyofuata tulikuwa ukingoni, shemeji akiwa mpole kweli kweli. Mmoja wa wale madume matupu akasogea kando, akafungua kinywa, ambamo perege jike hulelea wanawe, akatema wingu la watoto.

Nikamgeukia shemeji. Mikono tayari ilikuwa juu.

"Hao usiniulize mimi. Hao wamezaliwa hapa hapa."