Kabla Hujatuma Pesa ya Saruji Nyumbani

Wenzangu tulio ughaibuni, kuna jambo naliona kila nikirudi Unguja na linaniuma. Nyumba za wazee wetu Mji Mkongwe zinapigwa lipu ya saruji, na mara nyingi pesa ya lipu hiyo imetoka kwetu. Tunatumiwa picha ya ukuta uliobanduka rangi, tunatuma pesa, fundi anauziba. Masika ya pili au ya tatu yakipita, lipu inavimba na kudondoka, tena inadondoka na mawe.

Mimi naishi Toronto, nyumba yenye besimenti, kile chumba cha chini ya ardhi. Mtu wa pwani akisikia chumba kina unyevu, mkono wake unakwenda dirishani. Kwetu ni sawasawa: upepo ukipita, chumba kinakauka. Lakini besimenti ya mwezi wa Julai, ukiifungulia dirisha unaiongezea maji. Kuta zake zimezama kwenye udongo, ni za baridi. Hewa ya nje ina joto na imebeba mvuke. Ikizigusa, mvuke unageuka matone. Ndiyo maana watu hufunga madirisha, wakawasha mashine ya kukausha hewa na kuweka kipimo cha unyevu kisizidi asilimia 50 hivi. Ukipita 60 na kukaa hapo, kuvu haichelewi: chini ya zulia, nyuma ya kabati, kwenye maboksi ya vitabu. Unainua boksi, kitako chake kimelainika na kina madoa ya kijivu, na harufu ile haitoki hata ukifukiza udi. Mashine inanguruma kiangazi kizima, bili ya umeme nayo inapanda.

Wenyeji wa huku siwalaumu. Baridi yao inalazimisha msingi ushuke chini kupita udongo unaoganda, basi shimo lililokwisha kuchimbwa wakalifanya chumba.

Nyumba zetu zilijengwa kwa hesabu nyingine kabisa: mawe ya matumbawe, udongo, chokaa, boriti za mikoko, kuta nene. Tumbawe lina vitundu, linanyonya maji ya ardhini, na wazee hawakuhangaika kulizuia. Chokaa inayaacha maji yatoke; ukuta unalowa masika na kukauka jua likirudi, na ua wa katikati unavuta hewa. Saruji inayazuia. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda juu, yanabeba chumvi, mpaka yanazifikia ncha za boriti zilizomo ndani ya ukuta. Zikioza hizo, dari inashuka. Pita Mkunazini, uguse ukuta wa namna hiyo pale lipu ilipopasuka: kidole kinatoka na unga mweupe wa chumvi.

Na sasa kuna kiyoyozi. Chumba kinazibwa kila upande, dirisha halifunguliwi tena, ukuta hauna hata upepo wa kuukausha.

Beit al-Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883 hapo Mji Mkongwe, lilipoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, sote tulisambaza picha na kulia. Nyumba za familia zetu zinakwenda kipande kipande, na tunazilipia ziende.

Najua nitakachojibiwa: chokaa inachelewa. Ni kweli. Inatakiwa ilowekwe muda mrefu, inakauka polepole, na mafundi wanaoijua ni wachache. Lakini lipu inayorudiwa kila baada ya miaka michache haiwezi kuitwa rahisi, na pesa yetu ndiyo itakayowafanya vijana wajifunze kazi ya chokaa au waiache.

Jambo moja nyumba za huku na za kwetu zinalingana: uanze na maji, ukuta baadaye. Toronto, kabla ya kununua mashine, tazama kama michirizi ya paa inapeleka mvua mbali na msingi na kama udongo umeinamia nje. Mjini kwetu, tazama bati lililotoboka, bomba la choo cha juu, tangi la plastiki linalovuja kwenye paa. Kwa hiyo fundi akikupigia kukupa hesabu ya mifuko ya saruji, mwombe kwanza apande juu na simu yake akuoneshe paa na mabomba yote, mvua ikiwa inanyesha.