Kimya cha sheria: mjadala wa 17 Mei tukiwa Bukavu

Kwa Wakongomani, 17 Mei ni sikukuu: ndiyo siku waasi wa AFDL waliomwangusha Mobutu walipoingia Kinshasa mwaka 1997. Duniani tarehe hiyo ina jambo lingine pia. Tarehe 17 Mei 1990 Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa, na tangu 2005 siku hiyo hutumiwa kupinga ubaguzi dhidi ya watu wa mapenzi hayo na waliobadili jinsia. Je, siku ya namna hiyo ina nafasi Kadutu au Bagira, mitaa yetu hapa Bukavu?

Wengi hapa husema haina, na sababu zao zina uzito. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025 na benki kufungwa, mama anayetafuta unga wa watoto anauona huu kuwa mjadala wa walioshiba. Kuna dini pia: Vatikani iliporuhusu baraka kwa wapenzi wa jinsia moja Desemba 2023, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa ndiye aliyepeleka jibu la maaskofu wa Afrika Januari iliyofuata, nalo lilikuwa hapana. Na kuna hofu ambayo mimi naipa uzito kuliko zote: kijana aliyeishi kimya, majirani wakihisi na kunyamaza, anaweza kuanza kunyoshewa vidole siku redio inapolianzisha jambo.

Lakini tujue tunabishania nini. Ndoa haimo. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2006 kimeshasema mtu huoa au kuolewa na wa jinsia tofauti. Kinachobaki ni kipigo, kufukuzwa na kutishwa.

Hapo mipaka yetu inafundisha. Ukivuka Ruzizi kuingia Rwanda, hakuna sheria inayomfunga mtu kwa mapenzi hayo. Ukishuka Uvira ukaingia Burundi, ni kosa tangu 2009. Uganda, sheria ya 2023 imefika hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Kwetu sheria ya adhabu haikuyataja, kwa sababu Wabelgiji walioileta hawakuwa na kosa hilo kwao. Waingereza walikuwa nalo, wakalipanda Uganda, Kenya na Tanganyika. Anayesema ukali huo wa sheria ni urithi wa mababu amtazame aliyeuandika kwanza.

Wapo wanaokiona kimya hiki cha sheria kuwa kinga. Sikubali. Kifungu cha 176 cha sheria ya adhabu, cha kuvunja adabu hadharani, hutumiwa dhidi ya watu hao. Na mwenye parseli, yaani mwenye nyumba, akimtoa mpangaji kwa uvumi, garanti aliyoiweka ya kodi ikapotea, huyo atashitaki wapi bila kujianika? Vita navyo vimeongeza shida: wengine wanakimbilia kwa wajomba na mashangazi, aliyekataliwa na ukoo hana mlango wa kubisha. Kwa hiyo neno "si wakati wake" linanishinda kulikubali.

Hata kwa upande wa Kanisa, Katekisimu yenyewe, namba 2358, inataka watu hao wapokelewe kwa heshima na wasibaguliwe isivyo haki. Padri anaweza kukataa baraka, na Jumapili hiyohiyo akawakataza wazazi kumtupa mtoto nje.

Kuhusu hofu ya kelele, nusu nakubali. Bendera na herufi za kigeni kama LGBT hazijamwelimisha mtu sokoni. Neno ambalo mitaa inalijua ni "pede", tusi la Kifaransa. Bado hatuna letu ambalo mtu angelitamka mbele ya mama yake bila kuinamisha macho. Ningeanza na wauguzi. Mtu aliyepigwa usiku akifika zahanati, muuguzi awe anajua kwamba ule "ugonjwa" ulifutwa kwenye orodha mwaka 1990, amwulize anaumia wapi, na kwenye fishi, kadi ya mgonjwa, aandike kidonda tu.