Ngong: tiketi ni sawa, lakini usalama usiuzwe kando

Ukisimama juu ya milima ya Ngong, mashariki unaiona Nairobi imetandazwa, maghorofa yake madogo kama punje za mahindi. Geuka magharibi: ardhi inaporomoka hadi Bonde la Ufa. Kilele kina mita 2,460, na matatu ya 111 inakufikisha Ngong mjini.

Getini unakata tiketi ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na hapo ndipo ubishi unapoanzia. Wapo wanaosema mlima ni wa Mungu na jina lake ni la Wamaasai, kwa nini tulipe kuutazama? Hoja hiyo ina uzito kwa familia ya watu watano iliyokwisha kulipa nauli. Hata hivyo, naiunga mkono ada. Mguu mmoja hauharibu kitu; maelfu ya miguu kila wikendi huchuna nyasi za mgongoni, mvua ikinyesha maji hufuata njia hiyo hiyo na kuichimba mfereji. Kurekebisha kunataka pesa. Kulinda msitu dhidi ya moto na mashoka kunataka pesa pia.

Ninapotofautiana na KFS ni kwenye askari. Kwa sababu wezi wamewahi kuwavizia watembeaji huku, wageni hushauriwa wachukue askari mwenye bunduki, na malipo yake hayamo kwenye tiketi. Kundi la watu kumi huchangishana bila kuumia. Mtu aliyekuja peke yake hubeba mzigo wote.

Wanaotetea utaratibu huo wana jambo: vilima ni saba, ukungu hushuka ghafla, na askari anayekusindikiza hadi Kona Baridi, mwisho wa vilima, amekupa saa kadhaa za kazi. Kwa safari hiyo ndefu, alipwe. Lakini vilima vya mwanzo ni suala jingine. Upande wa mitambo ya upepo ya kampuni ya umeme ya KenGen kuna barabara na watu, na wageni hutembea bila wasiwasi. Askari wawili wa zamu mbele kidogo ya hapo, wakilipwa kutokana na tiketi, wangeusogeza utulivu huo hadi vilima vinavyofuata. Kwa sasa, mwanamke aliyepanda peke yake Jumanne asubuhi hufika mitambo inapoishia, akaitazama njia inayoendelea kupanda, akageuka.