Sandali ya mjini ikaguliwe nyuma kwanza

Ukiwatazama watu wanaochagua sandali, wengi huanzia upande wa vidole. Huko ndiko kwenye mikanda iliyosukwa, shanga, rangi na nembo, na watengenezaji wanalijua hilo. Mimi nakigeuza kiatu. Sandali ya kutembelea mjini kila siku hufaulu au hufeli nyuma: pale kisigino kinapokaa, na pale mguu unapozuiwa usiteleze. Mbele kuna mapambo. Nayapenda, na nitayafikia, ila zamu yao haijafika.

Kutembea mjini kuna adha yake. Lami, zege na vigae ni vigumu tena vimesawazishwa, kwa hiyo mguu unatua kwa namna ileile hatua baada ya hatua, na uzito unaangukia sehemu zilezile. Njia ya udongo humbadilishia mtu mkao bila yeye kujua. Hapa anakwepa jiwe, pale anakanyaga ubavu wa mteremko. Barabara ya mjini haina hisani hiyo. Ongeza ngazi, kusimama kwenye foleni, kuvuka mbiombio taa ikiwa karibu kubadilika, kisha sakafu iliyotoka kupigwa deki. Kiatu kimoja kinatakiwa kiyamudu yote hayo, halafu kisikuaibishe ukiingia mahali pa heshima.

Ndala zenye gidamu katikati ya vidole zina mahali pake, na mahali penyewe si mwendo wa saa nzima kwa miguu. Hazina cha kukushika nyuma, kwa hiyo kazi hiyo vinaachiwa vidole: kila unaponyanyua mguu vinajikunja ili kiatu kisibaki. Hulifikirii jambo hilo, lakini misuli inalifanya, na inachoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, waliwalinganisha watu wakiwa wamevaa ndala na wakiwa wamevaa raba, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2008 yalionyesha kwamba ukivaa ndala hatua zako huwa fupi zaidi. Aliyewahi kukimbilia basi na ndala hana haja ya kushawishiwa.

Wala wazo la kuifunga sandali mguuni si la jana. Miongoni mwa viatu vya kale zaidi vinavyojulikana duniani ni sandali zilizochimbuliwa mwaka 1938 katika pango la Fort Rock, jimbo la Oregon, Marekani. Zilisukwa kwa magome ya vichaka, zina umri wa zaidi ya miaka 9,000, na zilifungwa kwa kamba. Hawakuwa na lami watu wale, lakini kiatu kinachohamahama mguuni kiliwakera vilevile.

Basi nyuma natazama nini? Natazama kwanza mkanda wa kisigino. Nataka ushike ule mviringo wa kisigino wenyewe, usipande hadi kwenye kano nene inayoshuka kutoka kwenye shavu la mguu. Huko juu ngozi ni nyembamba na kano inasogea kila hatua, kwa hiyo mkanda utachubua tu, hata uwe laini namna gani. Kisha napitisha kidole upande wa ndani wa mkanda, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Ukingo uliokatwa ukaachwa mkali, mshono uliovimba, kichwa cha ribiti kilichojitokeza, vyote kidole kinavigundua papo hapo. Kinachokwaruza kidole kidogo tu pale dukani kitazaa lengelenge kabla hujafika uendako. Mikanda ya lastiki ndiyo siipendi kabisa. Mwanzoni inabana vizuri, baadaye inalegea, na haina hata tundu la kuikazia.

Mkanda ninaouheshimu kuliko yote ni ule usiosifiwa na mtu, unaopita juu ya mguu karibu na kifundo. Huo ndio breki. Unaposhuka ngazi au mteremko, mguu unataka kuteleza kwenda mbele, na pasipo kitu cha kuuzuia pale juu vidole vinachungulia nje ya soli na kugonga kila kinachopita. Mkanda wa kisigino peke yake hauwezi kuzuia hilo, maana uko upande wa pili. Sandali nyingi za urembo zina mikanda mitatu minne juu ya vidole na hazina hata mmoja pale kwenye breki. Nikiona hivyo nairudisha, hata kama rangi yake imenikaa moyoni.

Na mikanda hiyo iweze kurekebishwa. Mguu hauna saizi moja kutwa nzima. Ukisimama na kutembea sana unavimba, na joto likizidi unavimba zaidi. Bizimu yenye matundu ni nzuri na inapendeza, mradi matundu yakaribiane. Yakiachana sana, tundu moja linabana na linalofuata linapwaya, nawe huna pa kukaa. Velkro, ile ya kunatanisha na kubandua, haina shida hiyo. Inakusanya nyuzi na vumbi, ni kweli, na ukiifungua ndani ya ukumbi uliotulia watu wote wanageuka. Lakini ndiyo iliyoifanya sandali ya kisasa ya kutembelea iwe kiatu cha kuaminika. Mwaka 1984 Mark Thatcher, aliyekuwa akiongoza watu kwenye safari za mtoni katika Grand Canyon, aliiongezea ndala mkanda wa velkro wa kuishikiza mguuni ili isichukuliwe na maji. Huko ndiko ilikotoka Teva, kampuni ya sandali. Ukiitazama vizuri, ni ndala ileile iliyofungwa nyuma.

Kuna watakaoniuliza kuhusu Birkenstock, maana sandali zake maarufu hazina mkanda wa nyuma na watu wanatembea nazo mji mzima. Swali ni la haki. Karl Birkenstock alitoa sandali ya kwanza ya kampuni hiyo, Madrid, mwaka 1963, nayo ilikuwa na mkanda mmoja tu. Arizona yenye mikanda miwili ilifuata mwaka 1973. Siri yake iko kwenye soli ya ndani. Kisigino kinazama katika shimo lenye kingo zilizoinuka, uvungu wa unyayo unajazwa, na chini ya vidole kuna tuta dogo. Kisigino kinashikwa, ila kwa umbo badala ya mkanda. Kwa mwendo wa wastani linatosha. Kwa mtu wa kukimbizana na mabasi, mimi bado namshauri achukue yenye mkanda.

Hapo ndipo ninapoingia kwenye ugomvi na wauzaji: ulaini. Mteja anaingiza mguu, anasikia kama amekanyaga mto wa kulalia, anatabasamu, na biashara imekwisha. Ulaini huo mara nyingi ni wa EVA, povu jepesi la plastiki lenye vipovu vidogo vya hewa ndani. Ni kitu kizuri kikitengenezwa kikiwa kigumu kiasi. Kikiwa laini mno, vipovu vinabonyezwa maelfu kwa maelfu ya hatua na havirudi tena vilivyokuwa. Kisigino kinachimba shimo, upande mmoja unalala kuliko mwingine, na mguu unaanza kupinda kufuata kiatu. Jaribio langu ni la dole gumba. Nabonyeza soli pale kisigino kinapokaa. Dole likizama hadi lihisi ugumu wa sakafu chini yake, basi uzito wa mwili mzima utafika huko mapema zaidi. Nataka soli inayokubali kidogo kisha inanisukuma.

Soli ya koki, yaani gamba la mti wa mwaloni wa koki, ni kinyume chake. Siku za mwanzo linahisika gumu, hata unajiuliza umenunua nini, kisha kwa joto na uzito linachukua umbo la unyayo wako. Mti haukatwi, gamba linabanduliwa, likiota tena linabanduliwa baada ya miaka 9 hivi, na Ureno ndiyo inayotoa koki nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Adui wake ni maji. Ukiloweshwa, usizianike sandali hizo juani wala karibu na moto. Ziache kivulini zikauke kwa hiari yake.

Na soli za poliurethani, plastiki nyingine, zile zinazodumu vizuri mguuni, zina kioja chake: zinaharibika zikiwekwa. Unyevu wa hewa unaivunjavunja plastiki hiyo polepole, kwa hiyo sandali iliyofichwa kabatini miaka kadhaa kwa kuhurumiwa inaweza kumegeka siku unapoamua kuivaa. Kama unazo, zivae.

Jaribio jingine halihitaji hata kuvaa. Shika ncha ya mbele na kisigino, sukuma kama unataka kuvikutanisha. Sandali ikunjike pale vidole vinapoanzia, kwa sababu ndipo mguu wenyewe unapokunjika. Ikikunjika katikati, chini ya uvungu wa unyayo, iache. Hilo lina sababu ya kimwili. Kidole gumba kinapoinuka mwishoni mwa kila hatua, utando imara ulio chini ya unyayo unakazwa na uvungu unapanda, mguu unakuwa mgumu kiasi cha kukusukuma mbele. Daktari J. H. Hicks wa Uingereza aliueleza utaratibu huo mwaka 1954. Soli isiyokunjika mbele kabisa inaubishia mguu, na inayolegea katikati inauacha ujitegemee.

Saizi sitaisemea mengi, ila nenda kununua jioni, na upime miguu yote miwili maana mara nyingi hailingani. Fuata ule mkubwa. Namba za Ulaya zinapishana kwa theluthi mbili za sentimita, yaani chini kidogo ya milimita 7, na za Uingereza kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Ndiyo maana namba zako mbili hazioani sawasawa kamwe. Dawa ni karatasi. Simama juu yake, uchore mguu wako kwa kalamu iliyosimama wima, ukate, uende nayo. Ukiilaza ndani ya sandali, karatasi ibaki na ukingo wa soli pande zote, mbele na nyuma. Kisigino kinachoning'inia nje ya soli hata kwa milimita chache kitapasuka ngozi na kukanyaga vitu usivyovitaka. Anayenunua mtandaoni atafute picha ya nyuma na picha ya chini. Muuzaji aliyepiga picha sita zote za mbele amekwisha kukujibu.

Chini kwenyewe nataka mpira wenye mifereji inayofika hadi ukingoni, ili maji yawe na pa kutokea. Soli ya ngozi tupu inapendeza mno na juu ya kigae kilicholowa inakuangusha. Nataka pia mikanda iliyoingizwa ndani ya soli au kushonwa. Iliyobandikwa pembeni kwa gundi tu itang'oka, na itachagua siku uko mbali na fundi viatu.

Sasa mapambo. Watu huzungumza kana kwamba ni lazima uchague: starehe au umaridadi. Mimi nauona umaridadi wa sandali mtu akiwa anatembea, si akiwa ameketi amekunja nne. Anayeburuza miguu au kukunja vidole hapendezi hata avae nini, na sandali iliyokamata vizuri humpa mtu mwendo. Baada ya hapo ni suala la uwiano. Mguu mwembamba humezwa na mikanda mipana. Mguu mpana ukifungwa kamba nyembamba unaonekana kama umekatwa vipande. Mkanda unaokaribiana na rangi ya ngozi yako hurefusha mguu, na ule unaozunguka kifundo kwa rangi kali huukata pale ulipo. Soli nene zinapendwa siku hizi, sina ugomvi nazo zikiwa pana chini na nyepesi, ila zile zilizoinuka na kubana zinapindisha kifundo kwenye shimo la kwanza la barabara.

Rangi nyeusi imesifiwa kupita kiasi. Inaonyesha kila punje ya vumbi, na mjini vumbi halikosekani. Kahawia, udongo, kijani kilichofifia, hizo zinakaa safi machoni hadi jioni. Ngozi halisi ya kahawia ina faida nyingine: inazeeka kwa heshima. Inaiva, inang'aa pale inapoguswaguswa, ilhali ngozi bandia ikishapata ufa wa kwanza inaendelea kubanduka magamba. Jiwe moja la kung'aa, sawa. Ishirini yataanza kudondoka moja moja na kuacha vidoa vya gundi. Mapambo ya miguuni yana historia ndefu, hata hivyo. Kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, lilipofunguliwa mwaka 1922, miongoni mwa vitu vyake zilikuwamo sandali zenye picha za maadui juu ya soli ya ndani, mfalme awakanyage kila anapotembea. Hayo nayaita mapambo yenye kazi.

Limebaki suala la soksi, ambalo nimeona watu wazima wakikosania. Wanaodai ni ushamba wa kisasa wajue kwamba barua iliyopatikana Vindolanda, ngome ya Warumi kaskazini ya Uingereza, ya karibu mwaka 100, inataja soksi na sandali katika furushi moja. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lina soksi nyekundu za sufu kutoka Misri, za kati ya mwaka 250 na 420, zilizogawanywa kidole gumba kando ili mkanda wa sandali upite. Mimi navaa asubuhi za baridi. Mikanda yangu ni ya velkro mbele na nyuma, nailegeza kidogo, soksi inaingia, na anayetaka kucheka acheke.